Kidonda ndani ya mwembe wa bibi

Juzi upepo umeangusha tawi nene la mwembe wa bibi, tukamwita kijana wa chenso atukatie kuni, sasa alipolipasua nikabaki nimeduwaa. Katikati kumeoza, ukigusa kwa kidole unatoka unga, afu kuna mstari mwembamba mweusi umezunguka ule uozo, na nje ya mstari mti ni mzima kabisa, mbichi! Kumbe mti hauponi kama ngozi yetu, kilichooza haukirudishi, unakijengea ukuta na kuendelea kunenepa juu yake. Alex Shigo, mtafiti wa misitu Marekani, alipasua maelfu ya miti kwa chenso na mwaka 1977 akaeleza kuta hizo ziko nne, iliyo imara zaidi ni ile inayojengwa baada ya jeraha, ndo maana mti wenye pango katikati bado unasimama na kuzaa.

Jamani mkikata tawi msilikate sawasawa na shina, acheni kile kivimbe linapoanzia, kinga iko pale. Na oil chafu tunayopaka haizuii kuoza. Kile kipande nimemwomba bibi, nimekiweka dirishani.