Kidingapopo na Mishipa Midogo ya Jicho

Dar es Salaam ilipokumbwa na kidingapopo (homa ya dengue, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu) mwaka 2014, na tena mwaka 2019, wengi wetu tulizungumzia homa na maumivu ya viungo, tukayasahau macho. Maambukizi haya, pamoja na mwitikio wa kinga ya mwili, kwa baadhi ya wagonjwa hulegeza kuta za kapilari (mishipa midogo kabisa ya damu) za retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, maji na damu vikavuja, huku chembe sahani zinazosaidia damu kuganda zikiwa zimepungua. Ndiyo maana uoni hufifia takriban wiki moja tangu ugonjwa uanze, homa ikiwa imeshuka, na mgonjwa anayedhani amepona (hili hunisikitisha sana) huona doa katikati ya kila anachokitazama. Wengi hupata nafuu baada ya wiki au miezi. Wachache hubaki na doa hilo.