Nani Kazima Feni?

Saa nane za usiku feni ilisimama. Nilijua umeme haujakatika, maana mwanga wa taa ya uani ulikuwa bado unapenya dirishani. Halafu nilikuwa nimezisikia ndala za mama mkwe zikija polepole koridoni, zikasimama mlangoni kwetu, kisha swichi ikalia. Swichi ya feni ya chumba hiki iko nje ya chumba, na fundi aliyeiweka huko anajua mwenyewe alichokuwa anawaza. Ndala zikarudi zilikotoka.

Mume wangu akaketi ndani ya chandarua, jasho linamtiririka, akauliza gizani: "Nani kazima feni?"

Nilicheka hadi nikajiziba mdomo kwa khanga nisiwaamshe watoto. Sentensi hiyohiyo, ukibadilisha neno moja tu, nimekuwa nikiisema mimi kule Leeds kila mwaka kuanzia Novemba hadi Machi: nani kazima hita? Na jibu huwa ni yeye.

Tumekuja Mwanza kwa likizo ya Desemba, tuko Igogo kwa wakwe zangu. Kwa asiyepajua, Igogo ni mlima wa mawe ambao watu wameupanda na nyumba zao, bati la huyu liko usawa wa miguu ya yule, na ukiinua macho unaliona ziwa. Nyumba ya wakwe imelipa mgongo jabali kubwa kuliko nyumba yenyewe. Ukuta wa chumba tunacholala umeachana na jiwe hilo kwa upana wa kiganja. Jiwe linashinda juani kutwa, usiku ukiingia linaanza kuturudishia joto lote lililokusanya, taratibu, bila haraka, mpaka karibu na alfajiri. Mume wangu amekulia chumba hiki. Anasema utotoni hakuwahi kujifunika shuka.

Jabali hilo ndilo lililotugombanisha Uingereza.

Tulipofika Leeds, "hita" kwangu ilikuwa ile springi ya umeme unayoitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kuoga, huku ukikumbushwa usiguse maji kabla hujachomoa. Kule nikakuta boila ya gesi imetundikwa jikoni. Inachemsha maji, inayasukuma kwenye mabomba yanayopita chini ya sakafu hadi kwenye mabati yaliyobanwa ukutani kila chumba. Sisi mabati hayo tunayaita rejeta, kama ya gari, ingawa ya gari inafukuza joto na hii tunaibembeleza itupe. Sebuleni kuna themostati, kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni, unakiambia unataka digrii ngapi na saa ngapi.

Mume wangu akaishika themostati kama dereva aliyepewa funguo. Hoja yake ilikuwa moja. Nyumba hii ni ya tofali, na tofali ni jiwe. Jiwe ukilipasha asubuhi, linakaa na joto lake mpaka jioni. Kwa hiyo akapanga boila iwake saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, ilale kutwa nzima, iamke saa kumi na moja jioni, ilale tena saa tatu usiku. "Mchana nani anapasha jiwe lenye moto?" aliniuliza.

Nyumba yetu ni ya zile za safu, zilizobanana ukuta kwa ukuta, za enzi za Malkia Victoria, huyohuyo ambaye jina lake walilibandika kwenye ziwa letu. Kuta zake ni tofali tupu, hazina uwazi katikati wala kitu chochote cha kuzuia joto lisitoroke. Jabali la Igogo ni tani kwa tani zilizoanikwa kwenye jua la karibu na ikweta. Ukuta wa Leeds ni mwembamba, upande mmoja unaota moto wako na upande wa pili unapigwa na upepo wa Januari. Boila ikizimwa, kwa saa moja hivi bado unajidanganya. Ya pili unatafuta soksi.

Sasa ongeza kazi zetu. Mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, zamu ya usiku, saa mbili hadi saa mbili. Mle ndani kuna joto la Mwanza kabisa, digrii 23, 24, maana mzee wa miaka 90 akipoa hana nguvu ya kujirudishia joto. Mume wangu yuko kwenye ghala la vyakula vya kugandishwa, kwenye baridi ya digrii 20 chini ya sifuri, na koti lake limejaa kama godoro. Si kazi ngeni kwake, hapa Mwanza alikuwa chumba cha baridi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Mtu anayetoka kwenye baridi hiyo akiingia kwenye nyumba yenye digrii 15 anavua koti, anavua sweta, anasema "afadhali nyumbani." Mimi natoka kwenye 24, nafika saa mbili na nusu, boila imezimwa nusu saa iliyopita, na hapo ndipo nataka kulala. Nalala mchana, kwenye saa zilezile alizoziandika kuwa hakuna mtu.

Nililala na chupa ya maji ya moto tumboni, khanga mbili kichwani, na blanketi lenye picha ya simba nililobeba kutoka Bukoba. Nikilalamika, ananiambia nimezaliwa kwenye mvua sipaswi kuogopa baridi. Bukoba! Kana kwamba mvua ya Bukoba imewahi kugandisha kioo cha gari.

Baridi ya mwaka 2022 ndiyo iliyotuvua nguo. Vita ya Ukraine ilikuwa imepandisha bei ya gesi, na kuanzia Oktoba serikali ikaweka kikomo: uniti ya gesi kama peni 10, ya umeme kama peni 34. Redioni wakawa wanarudia kwamba nyumba ya kawaida italipa pauni 2,500 kwa mwaka. Hapa nakiri kosa, kwa kuwa mume wangu hajawahi kunisamehe. Nilidhani hicho ndicho kikomo cha bili, kwamba ukishafika hapo huongezwi hata senti. Nikasema basi, kama ni kikomo tukifikie kwa raha zetu! Akienda kazini nawasha, digrii 22, nalala kama binti wa mfalme. Kumbe kilichowekewa kikomo ni bei ya uniti. Bili yako ni matumizi yako, choma usichome. Wapo wengi waliosikia kama nilivyosikia mimi, tena waliozaliwa hukohuko, lakini hilo halikunisaidia bili ya Januari ilipofika. Kila nyumba ilikuwa inapewa nafuu ya pauni 400 iliyogawanywa miezi 6, na mimi yetu niliimaliza usingizini.

Baada ya hapo akakihamishia kimita pembeni ya runinga. Ni skrini ndogo inayokuonyesha pesa zako zinavyokwenda. Kingekuwa cha LUKU ningekielewa. LUKU unanunua, unatumia, ikiisha inalia, yamekwisha. Hiki kinapanda tu, hakina mwisho. Na kwa upande wa gesi takwimu zake huja kila baada ya nusu saa, kwa hiyo hata ugomvi wetu ulikuwa unachelewa nusu saa. Tunakula kwa amani, tunacheka, ghafla anageuka: "Saa kumi na mbili na robo ulifanya nini?"

Nilifanya nini? Nilikaanga dagaa. Na dagaa wa Mwaloni hawakaangwi kimyakimya kwenye nyumba za kubanana. Lazima ufungue dirisha la jikoni, na la sebuleni upepo upite, la sivyo kesho mtoto anakwenda shule ananuka soko la Kirumba. Nimefungua madirisha mawili, nje ni digrii 2, boila inahangaika kama punda mlimani. Mume wangu akasimama katikati ya sebule, mikono kiunoni: "Joto lote limekwenda kwa jirani na harufu ya dagaa juu!" Lakini sahani aliimaliza.

Yeye naye ana lake la kujibu, lile la ukungu. Alifunga kila upenyo kwa magazeti na utepe. Nguo za watoto tunaanika juu ya rejeta, ugali unachemka, watu wanne tunapumua, mvuke wote unabaki ndani, na kuta ni baridi. Madirisha yakawa yanatoa jasho kila asubuhi. Mwezi wa pili nikavuta kabati la watoto, nyuma yake ukuta ulikuwa na madoa meusi kama ngozi ya chui. Mdogo wetu alikuwa anakohoa tangu Krismasi. Siku hiyo sikupiga kelele. Nilimwita aje aone, nikatoka chumbani.

Fundi wa boila alipokuja kwenye ukaguzi wa mwaka ndiye aliyetuonyesha vitu ambavyo hatukuwa tumevifikiria, kwa vile sisi tulikuwa tumeng'ang'ania kuwasha na kuzima tu. Maji yetu yalikuwa yanachemshwa hadi digrii 80 kabla ya kwenda kwenye rejeta. Akayashusha hadi 60. Akasema boila za siku hizi zimeundwa zivune hata joto la moshi wake, lakini hazivuni kama maji yanayorudi bado ni ya moto sana. Akalitazama sofa letu kubwa lililoegemezwa kwenye rejeta akauliza kama tunataka kulipasha sofa. Akatuonyesha vifundo vya pembeni vya kila rejeta, chumba kisicholaliwa unakipunguza chenyewe, huna haja ya kuigusa nyumba nzima. Na digrii 18 akasema zinatosha kwa watu wenye afya, wakiwa na sweta. Mume wangu akanitazama. Mimi nikalitazama sofa.

Bili ilipungua, ugomvi haukupungua. Ratiba ilibaki ileile, mchana ni jiwe.

Kilichoivunja ni mgongo wake. Februari aliumia akinyanyua maboksi, daktari akampa wiki mbili za kukaa nyumbani. Siku ya kwanza alinisubiri nitoke kazini, akanipikia chai, akawa anajifanya kusoma. Siku ya pili nilimkuta na sweta. Siku ya tatu niliamka saa saba mchana kwenda chooni nikamkuta sebuleni amelala kwenye sofa na lile koti la kazini, la ghala, kofia imefungwa kidevuni. Themostati ilikuwa inasoma 14. Hakuwa ameigusa, kiburi cha Wasukuma hicho. Nikamfunika na blanketi la simba nikarudi kulala.

Siku ya nne nilipoingia asubuhi rejeta ilikuwa ya moto. Nikaenda kuiangalia ratiba: kuna mstari mpya, saa mbili hadi saa sita mchana, digrii 18. Hakusema kitu. Nami sikuuliza, ingawa ulimi ulikuwa unaniwasha.

Sasa turudi Igogo, kwenye feni.

Asubuhi nilimwamkia mama mkwe, akaitikia huku anapepeta mchele. Mume wangu hakungoja hata chai. Akamweleza mama yake kwa hesabu, kama anavyonieleza mimi: feni ni wati 60, ikizunguka saa 10 haimalizi hata uniti 1. Mama akamsikiliza mpaka mwisho.

"Baba," akamwambia (ndivyo anavyomwita mwanawe), "mimi natumia uniti chini ya 75 kwa mwezi. Uniti moja nanunua kwa shilingi 100 na makodi yake. Nikivuka pale, bei inaruka, ni karibu mara tatu. Mmefika wanne. Feni mbili. Birika la umeme. Watoto asubuhi wanataka maji ya moto ya kuoga, usiku wanataka upepo. Mkiondoka, nani ananirudisha kule nilikokuwa?"

Hilo hatukulijua. Mume wangu akasema atamnunulia uniti za mwaka mzima. Mama akasema pesa si tatizo, tatizo ni uniti. Nilimuunga mkono kwa kichwa, maana huo ndio wimbo niliokuwa nikiimbiwa Leeds.

Kisha akauliza, kwa kutaka kujua tu, ule moto wa kwetu unakula kiasi gani. Nikamwambia siku ya baridi kali pauni 6, kama shilingi elfu ishirini. Ungo ukasimama. "Kwa siku? Kupasha hewa? Hewa ambayo hamuili?"

Mume wangu, kwa kutaka kuokoa hali, akatoa simu. Siku hizi themostati yetu inaongea na simu. Akamwonyesha mama jinsi teknolojia ilivyo: hapa tulipo, chini ya mwembe wa Igogo, tunaona sebule ya Leeds ina digrii 12, na boila imejiwasha alfajiri ya leo.

"Nani yuko huko?" mama akauliza.

"Hakuna mtu, mama. Tumefunga."

"Sasa mnampashia nani?"

Ukiacha nyumba tupu wakati huu bila joto kidogo, maji yanaganda ndani ya mabomba, yanapasuka, unarudi unakuta dari liko sakafuni. Ni jambo la kweli kabisa. Lakini jaribu kulisema mbele ya mwanamke anayehesabu uniti 75.

"Mabomba," mume wangu akajibu, kwa sauti ndogo.

Mama mkwe hakumtazama yeye, alinitazama mimi. Akaanza kupepeta tena, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Usiku ule feni ilizimwa saa sita.