Makasi ya Gede

Umeme ulipokatika usiku wa Jumanne hapa Maweni, binti wa kaka yangu hakuacha kusoma. Alisogelea chemli niliyoiweka juu ya cherehani akaendelea na kitabu chake, mimi namalizia pindo la buibui la mteja. Yeye husoma kwa Kiingereza, kisha hunisimulia kwa maneno yake. Kwa hiyo hadithi zote za mwisho wa dunia ninazozijua nimezipata kinywani mwa mtoto wa miaka 11.

Hii ya sasa ni The City of Ember, ya Mmarekani Jeanne DuPrau, iliyotoka mwaka 2003. Mji uko chini ya ardhi na wenyeji hawajui. Taa zinazimika-zimika, na vyakula vya makopo vinakwisha ghalani. Nilitegemea bunduki. Mashujaa wengine niliosimuliwa walikuwa watu wa kuruka mapaa, mmoja dhidi ya wote, nami husinzia kabla hawajashinda. Humu, Lina na Doon, wote wa miaka 12, wanamaliza shule na kugawiwa kazi. Msichana anaangukia kazi ya mabomba, mvulana upelekaji wa ujumbe, na kila mmoja anaitamani ya mwenzake. Wanabadilishana. Na hao walikuwa hawasemezani! Siku moja Doon aliporomoka kwenye nguzo ya taa, Lina akacheka, urafiki ukaishia hapo.

"Kwa kucheka tu?"

"Inauma, Shangazi," akasema, macho kitabuni. Nikakumbuka kwamba mtoto wa jirani hajakanyaga kwetu wiki ya pili sasa.

Nilichokipenda ni kwamba hakuna mmoja anayetosha. Lina ana karatasi ya maelekezo ya kutokea, imetafunwa na mdogo wake (mwenye mtoto nyumbani hashangai), na Doon ndiye anayeyajua mabomba na mto wa chini. Wakiendelea kununiana, mji mzima unabaki gizani.

Jumamosi nilifunga duka mapema, tukapanda matatu ya Watamu tukashuka Gede, kwenye magofu ya mji wa kale. Alitaka kuona mji ulioisha kweli. Kaburi lenye tarehe lina mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Miaka mia mbili na kitu baadaye watu wakahama. Wapo wanaotaja maji ya visima kushuka, wapo wanaotaja vita. Sasa mizizi imekumbatia kuta, na kima wanatembea juu yake kama wenye nyumba. Wachimbaji waliyapa majumba majina ya vitu walivyovikuta ndani: Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Makasi.

Hapo kwenye makasi nikasimama. Mimi ni fundi. Nyumba ikiwaka moto nitasahau viatu, makasi yangu sitasahau.

"Labda mwenyewe alitoka nayo," mtoto akasema, "halafu akarudi kumgongea rafiki yake, akayaweka chini."

Sikuwa na jibu. Ndani ya matatu akaanza kunihesabia kwa vidole milango atakayogonga kwanza siku mji wetu ukikatika maji na taa. Mama yake wa kwanza. Mtoto wa jirani, yule waliyenuniana, wa pili. Mimi nilikuwa wa tano, nyuma ya paka.