Usiku Simu ya Mjomba Ilipozimwa

Mwezi Juni 2016 nilikuwa Muheza, nyumbani kwa mjomba wangu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa dalali wa machungwa. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, msimu nao ulikuwa umeanza kushika kasi, kwa hiyo simu yake haikutulia tangu alfajiri hadi baada ya tarawehe. Ilikuwa simu ya vitufe yenye laini tatu, spika ya kusikika hadi barabarani na tochi kichwani, na mgongoni ilikuwa na jina la kampuni mashuhuri ambayo, kwa ninavyojua mimi, haijawahi kutengeneza simu ya namna hiyo. Laini tatu hazikuwa anasa kwake. Kupiga simu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa ghali kuliko kupigiana ndani ya mtandao mmoja, na wanunuzi wake wa Dar es Salaam, Tanga na Arusha walikuwa wametawanyika katika mitandao tofauti. Isitoshe, kila mmoja alituma pesa ya kianzio kwa mtandao aliouzoea.

Wakati huo gumzo lilikuwa tarehe 16. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilikuwa imetangaza kwamba siku hiyo usiku simu zote zenye namba tambulishi zisizokidhi viwango zingezimwa, kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na kwa miezi kadhaa redio zilikuwa zikirudia maelekezo yaleyale: bonyeza *#06#, zitatokea tarakimu 15, zitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, kisha subiri jibu. Mjomba aliyasikia matangazo hayo kila siku, tena kupitia redio ya simu hiyohiyo, lakini aliamini kwamba yaliwahusu wenye simu za wizi.

"Mimi yangu nimeinunua dukani, kwa pesa yangu, mchana kweupe," aliniambia nilipomshauri tuihakiki.

"Hawaulizi kama imeibwa, mjomba. Wanauliza kama aliyeitengeneza ni huyo ambaye jina lake limeandikwa hapo nyuma."

Alikubali kwa shingo upande, na jioni moja baada ya kufuturu tukakaa barazani chini ya taa. Nilipobonyeza, kioo kilionyesha safu tatu za tarakimu, kwa kuwa kila laini ilipaswa kuwa na namba tambulishi yake. Lakini safu mbili kati ya hizo zilifanana tarakimu kwa tarakimu. Nikafungua mfuniko, nikatoa betri, na kwenye karatasi iliyobandikwa chini yake nikakuta namba ya nne, isiyolingana na yoyote kati ya zile za kwenye kioo. Mjomba alivaa miwani akanisomea safu ya kwanza tarakimu moja moja, maana hakutaka mtu aje kusema kwamba nilikosea kuandika. Jibu halikukawia. Lilitaja kampuni nyingine kabisa na simu ya kugusa kioo, ilhali yake ilikuwa na vitufe ambavyo vingine vilikuwa vimefutika kabisa kwa kubonyezwa.

Namba hiyo haipangwi kiholela. Tarakimu 8 za mwanzo hutambulisha aina ya simu, 6 zinazofuata huitambulisha simu yenyewe, na ya mwisho huhakiki zile zilizotangulia. Mtengenezaji wa simu bandia hana sababu ya kuhangaika na mpangilio huo, kwani anaweza kunakili namba ya simu halali na kuipandikiza katika simu nyingi apendavyo, na mbele ya mtandao zote zikahesabika kuwa simu moja. Simu mojawapo ikiibwa na namba yake kufungiwa, wanafungiwa pia watu wasiohusika. Sababu hiyo niliielewa na bado naikubali. Kilichonikera ni kwamba hasara ilimwangukia mnunuzi wa mwisho, ambaye wakati ananunua hakuwa hata na hiyo 15090 ya kumsaidia, huku walioingiza mzigo wakiwa wamekwisha kula faida yao na kuondoka.

Mjomba hakuililia simu. Alihofia pesa na majina. Kuhusu pesa nilimweleza kwamba haikai ndani ya simu, bali katika akaunti iliyofungamana na namba ya laini, na kwamba simu ni mlango tu wa kuingilia. Alinisikiliza kwa adabu bila kuamini. Majina ndiyo yaliyotuchosha, kwa sababu mengi alikuwa ameyahifadhi kwenye simu, na tulipoyanakili kwenye laini yale marefu yalikatwa. "Mama Machungwa Mkubwa" na "Mama Machungwa Mdogo" wote wakawa "Mama Machungwa", na ikabidi tuwapigie ili kujua yupi ni yupi.

Nilimsihi anunue simu nyingine mapema. Akasema tarehe za serikali husogezwa, na kwamba hakuna atakayezima simu za watu katikati ya mfungo. Tarehe haikusogezwa. Usiku ule kengele ya daku ililia kwenye simu yake kama kawaida, maana kengele haihitaji mtandao, na tochi ikawaka; lakini laini zote tatu hazikuwa na mtandao. Aliizima na kuiwasha, akatoa betri na kuirudisha, akatoka nayo uani. Mwishowe akanipa laini moja bila kusema neno, nikaiweka kwenye simu yangu. Ujumbe wa wanunuzi ukaanza kumiminika. Nikampa simu aweke namba yake ya siri mwenyewe, salio likatokea pungufu kwa makato aliyoyajua, akataka nimsomee tena kwa sauti mbele ya shangazi.

Asubuhi tulikwenda madukani. Muuzaji wa kwanza alikuwa na simu ya laini mbili iliyompendeza sana mjomba, lakini hakutaka ifunguliwe betri kabla ya kulipiwa, akisema tutamharibia mzigo. Mjomba akairudisha kwenye kabati lake la kioo, akamuaga vizuri, tukaingia duka la pili. Hapo aliomba kwanza tuilinganishe namba ya kwenye boksi na ya chini ya betri, kisha na ya kwenye kioo, halafu akatuma ujumbe kwenda 15090 huku pesa ikiwa bado mfukoni mwake. Jibu lilipoingia alivaa miwani, akasoma jina la kampuni na aina ya simu, akaigeuza ile simu kutazama mgongoni, kisha akamwambia kijana wa duka, "Haya, niandikie risiti."