Nusu ya Nyuma ya Ng'ombe

Desemba iliyopita nilicheza nusu ya nyuma ya ng'ombe, vazi linalovaliwa na watu wawili, katika ukumbi mdogo wa kanisa hapa Nakuru, nikiwa nimeinama hadi kiuno kikauma, na sikuona hata tukio moja la igizo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimeliongoza tangu Oktoba. Mwigizaji mwenye miguu hiyo ya nyuma alinipigia simu asubuhi ya onyesho la mwisho akiwa tayari Eldoret, njiani kwenda kwao Bungoma, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba nauli ingepanda siku iliyofuata. Nilinung'unika, lakini sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa kila mtu anajua jinsi stendi yetu inavyokuwa wiki ya Krismasi.

Kundi letu ni la watu wa ridhaa: walimu, fundi wa magari, muuza mitumba, na wanafunzi waliofunga shule. Kila mwaka tunaandaa pantomimu, neno ambalo huwapotosha wengi wakadhani ni igizo bubu, ilhali ni mchezo wenye kelele kuliko yote ninayoijua. Uingereza, ulikozaliwa kutokana na vichekesho vya Kiitaliano, ulichezwa zamani kwa ishara, muziki na sarakasi zaidi ya maneno, hadi sheria ya mwaka 1843 ilipoziruhusu kumbi zisizo na kibali cha kifalme kuonyesha tamthilia za mazungumzo. Lakini hata kabla ya hapo, Joseph Grimaldi, mchekeshaji wa London aliyefariki mwaka 1837, alikuwa ameshawazoesha watazamaji kuimba pamoja naye, na kelele hizo hazijanyamaza hadi leo.

Tulichagua kisa cha Jeki, kijana anayemuuza ng'ombe wa mama yake kwa maharagwe machache, kisha mmea unaochipuka unampeleka kwa zimwi. Zimwi letu tulilipa makao juu ya Menengai, volkano iliyo karibu na mji wetu, na mvuke unaotoka mle shimoni ukawa pumzi yake, jambo ambalo watoto wa mji huu walilikubali bila swali. Kwa desturi ya mchezo huu, Jeki huchezwa na msichana na mama yake huchezwa na mwanamume. Mzee mmoja wa kanisa alituita pembeni kutuuliza kama hilo lafaa, ila alipomwona fundi wetu wa magari akijifunga leso mara mbili na bado ikimdondoka, alicheka kuliko watoto. Desturi nyingine haikuhitaji maelezo yoyote: mwema huingia kwa mkono wa kulia wa jukwaa na mwovu kwa wa kushoto, nasi tumelelewa tukikatazwa kusalimia kwa kushoto.

Kilichonisumbua mazoezini ni zile kelele. Mwaka wetu wa kwanza tuliwafundisha watazamaji, kabla ya pazia kufunguliwa, wapige ukelele gani na wakati gani, wakatii kama watoto wa gwaride, na mchezo ukapoa kabisa. Safari hii tulianza kwa «Paukwa!» tu, ukumbi mzima ukaitika «Pakawa!», na tangu hapo hakuna aliyengoja ruhusa. Nikiwa gizani ndani ya ng'ombe, nilijua zimwi liko wapi kwa sauti za watoto peke yake: «Nyuma yako, Jeki! Nyuma!»

Kisha ukafika mnada. Mfanyabiashara alipotoa maharagwe yake matano, sauti ya mzee ikatoka viti vya mbele: «Kwanza, huyo ng'ombe anatoa lita ngapi?» Hilo halikuwamo katika maandishi. Jeki akajibu papo hapo, «Ishirini kwa siku, mzee wangu.» Mzee akauliza kama maharagwe yenyewe ni ya aina ya nyayo au wairimu, na mama mmoja akamwonya Jeki asikubali chini ya gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka. Ukumbi ukagawanyika, wengine wakimtetea mfanyabiashara kwa hoja kwamba malisho yamepanda bei, na kwa muda ambao miguuni mwangu ulikuwa kama saa nzima, mchezo ulikuwa mikononi mwao. Nililiongoza igizo hili kwa miezi mitatu na hiyo ndiyo sehemu bora kuliko zote, nami sikuiandika wala sikuiona.

Iliishaje? Mtoto mdogo alipanda jukwaani, akainama, akachungulia chini ya tumbo letu, akatangaza kwa masikitiko, «Mama, huyu hana chuchu!» Mzee akajiondoa mnadani mara moja.

Mwaka huu tumeshashona kiwele kwa glavu ya mpira. Mwenye miguu ya nyuma ameapa kwamba hatasafiri kabla ya tarehe 24, nami nimemwomba nauli yake niitunze mimi.