Siku ya Kutoa Damu Mwatiko

Saa kumi alfajiri

Simu inalia kabla ya muadhini. Majirani zangu hapa Malindi wanajua tu kwamba "anashughulika na samaki kule Ngomeni". Mama huwaambia watu mimi ni daktari wa samaki, na nimechoka kumsahihisha. Mimi ni msaidizi wa utafiti. Tunachotafuta ni hiki: ukimbadilishia chakula mwatiko, samaki wa baharini tunayemfuga mabwawani, je, kinga ya mwili wake inabadilika, au anaongeza uzito tu? Watu huyachanganya haya mawili. Samaki anaweza kunona hadi ukamsifu, halafu siku maji yakichafuka akawa wa kwanza kuelea tumbo juu.

Nakula mahamri mawili ya jana nikiwa nimesimama, chai ya rangi mkononi. Pikipiki inafika, kasha la barafu tunalibana katikati yetu. Daraja la Sabaki, Mambrui, Gongoni, kisha tunaiacha lami na kuingia vumbi la chumvi.

Saa kumi na mbili kasorobo

Ngomeni kunapambazuka. Baharini yanaonekana majukwaa ya San Marco, yale ambayo Waitaliano walirushia setilaiti tangu 1967 hadi 1988. Ile iliyoitwa Uhuru iliondokea hapo tarehe 12 Desemba 1970. Ukimwambia mgeni, anadhani unamfanyia mzaha. Sisi tuko nyuma ya mikoko, kwenye uwanda wa chumvi usioota hata mchicha, ambako mabwawa hujazwa maji ya bamvua, yaani bahari inapojaa zaidi.

Kipimo cha kwanza ni oksijeni, na lazima kipimwe kabla jua halijapanda. Mchana mwani wa bwawani hutoa oksijeni. Usiku mwani huo huo huivuta pia, sawa na samaki, kwa hiyo alfajiri ndiyo saa ya dhiki. Leo mashine inasoma miligramu 3.8 kwa lita. Si raha, lakini hakuna anayehema juu ya maji.

Samaki wetu wa majaribio hawako huru bwawani. Wako ndani ya vyandarua vya mraba vilivyofungwa kwenye miti, na chandarua hicho jina lake ni hapa. Ndiyo, hapa. Neno limetoka Asia, nasi tumelipokea na matatizo yake. "Hapa ya tano iko wapi?" "Iko hapa." "Hapa ipi?" Tumewahi kupoteza dakika tano hivyo, watu wazima na akili zetu.

Hapa ziko kumi na mbili, safu tatu za nne nne. Vyakula ni vinne: cha kawaida, cha kutiwa hamira, cha majani ya mlonge yaliyosagwa, na cha vyote viwili. Kila safu ina vyakula vyote vinne, vimepangwa kwa kura. Kipi ni kipi, mimi sijui. Mwenzangu wa maabara huvichanganya na kuvitia kwenye ndoo za rangi, na orodha ameifungia ndani ya bahasha. Nimekuzwa kwa majani ya mlonge. Ningejua ndoo yake, jicho langu lingempendelea samaki wake hata nisipotaka.

Saa kumi na mbili na robo

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeamkaje?"

Mlinzi wetu wa usiku amenichemshia kahawa. Ananimiminia, halafu hasemi kitu. Nikimwona babu amenyamaza najua kuna jambo.

"Hawa walio karibu na kibanda," anasema mwishowe, "niliwarushia pumba kidogo. Usiku kucha wanapiga maji. Njaa mbaya, mjukuu wangu."

Moyo ukanishuka. Samaki wa kutolewa damu hafai kula siku nzima kabla yake. Akila, mafuta ya chakula huingia kwenye damu na ile seramu, yaani maji ya damu, hutoka nyeupe kama tui. Kipimo chetu cha mchana chote kinategemea wepesi na uzito wa weupe wa maji. Ukipima tui, utapata namba, lakini haitakuwa na maana yoyote.

"Ngapi, babu?"

"Konzi mbili mbili."

"Hapa zipi?"

"Hizi nne. Niwabague kwani?"

Hapo nikapumua. Babu kwa huruma yake alikuwa amelisha safu nzima, na safu nzima ina vyakula vyote vinne. Hiyo ndiyo sababu ya kupanga kwa safu: balaa likipiga safu moja, limewapiga wote sawasawa. Angelisha mbili tu aliowahurumia zaidi, ningekuwa nimeharibikiwa. Basi uamuzi ukawa rahisi. Leo safu mbili, kesho ya tatu, na safu ya babu ifunge tena kuanzia sasa. Nikaandika daftarini kila kitu, hata zile konzi. Nikamweleza babu habari ya tui. Kosa kubwa lilikuwa langu, nilimwambia "wasile" nisimwambie kwa nini.

Saa moja na nusu

Sasa damu. Kwenye ndoo tunatia mafuta ya karafuu, ambayo kwanza huyeyushwa kwa spiriti kwa sababu hayakubali maji. Samaki akiingia, baada ya muda mfupi hulala ubavu. Ni karafuu ile ile ambayo bibi alikuwekea kwenye jino linalouma, na uwanja mzima unanukia kama jikoni siku ya pilau. Kina mama wa kikundi chenye mabwawa haya husema wananipa mchele.

Mwatiko ni samaki mwenye wasiwasi. Ukimkurupusha anaruka, anakwaruza magamba, na mwili unamwaga homoni ya hofu, kortiso, ambayo yenyewe hushusha kinga. Kwa hiyo nusu ya ufundi ni upole. Mikono lazima iwe imeloa, maana ule ute unaomfanya akuponyoke ndio ngozi yake ya kwanza ya ulinzi: unanasa vijidudu na una kemikali za kuviua. Ukimshika kwa mkono mkavu au kwa kitambaa, umemvua silaha kisha unataka kumpima silaha.

Sindano inaingia chini ya mkia, inagusa uti wa mgongo, inarudi nyuma kidogo, na damu inapanda. Nusu mililita inatosha. Samaki watatu kila hapa, ishirini na wanne kwa leo. Mwenzangu anapima uzito, mimi nachoma, binti wa mwenyekiti anaandika. Hatuzungumzi sana. Wa kumi na tano damu iliganda ndani ya sindano kwa sababu nilichelewa, nikabadilisha sindano na samaki. Wakiamka wanawekwa kwenye maji safi ya kupulizwa hewa hadi wasimame wima, kisha wanarudi.

Mmoja hakuamka. Nikampasua mbele ya kina mama, maana wao wamepara samaki wengi kuliko maprofesa. "Mnaujua huu mstari mweusi-mwekundu chini ya uti wa mgongo?" Wanaujua, ndio ule wanaoukwangua kwa ukucha ili mchuzi usiwe mchungu. Ni figo. Samaki hana uboho kwenye mifupa wa kutengeneza damu kama sisi. Sehemu ya mbele ya figo, karibu na kichwa, ndiyo kiwanda cha chembe za damu na askari wa mwili. Bibi mmoja akasema, "Kumbe miaka yote tunatupa kambi ya jeshi."

Saa tano

Stoo ya chakula. Hapa ndipo ninapokasirika karibu kila wiki.

Gunia jipya la pumba, tulilouziwa na mfanyabiashara mmoja ambaye simtaji, lina ukungu wa kijani pembeni. Limeloa njiani, likakaushwa juani, likauzwa kama kawaida. Kuvu wa aina hii anaweza kutoa aflatoksini, na sumu hiyo haiondoki kwa kuanika wala kwa kukaanga. Wakenya hatuhitaji kufundishwa: mwaka 2004 mahindi yenye aflatoksini yaliua watu 125 upande wa Ukambani. Kwa samaki haiui haraka. Inaharibu ini na kuizimisha kinga polepole, hivyo unaweza kuwa unatia hamira na mlonge kwa mkono wa kulia na kubomoa kwa mkono wa kushoto.

Mwenyekiti hataki hasara. "Basi nipe niwape bata wangu."

"Mama, bata ndio wanaodhurika upesi zaidi."

"Ukungu wenyewe huu mdogo."

"Sumu haionekani kwa macho, mama. Huenda haimo, huenda imo. Mimi sitobahatisha."

Tumelichoma. Hakufurahi, na pesa ile ni ya kikundi, simlaumu.

Jambo la pili stoo ni tarehe. Mwatiko, kama binadamu na tofauti na mbuzi, hawezi kujitengenezea vitamini C. Akiikosa, uti wa mgongo unapinda na vidonda haviponi. Na vitamini C ya kawaida huharibika kwa joto na hewa, na joto la Ngomeni mnalijua. Ndiyo maana tunanunua ile iliyofungwa na fosfeti, ambayo hustahimili, na bado hatuweki chakula zaidi ya mwezi.

Saa saba na nusu

Wali wa nazi, kachumbari, na mwatiko wa kuchoma aliyetolewa miba. Kazi ya kumtoa miba ni ya uvumilivu wa ajabu, na wanaosema mwatiko si samaki wa maana hawajaonja mkono wa kina mama hawa.

Maongezi yanarudi palepale: "Hii hamira ni dawa?" Si dawa. Ni hamira ile ile inayoumua mahamri. Ukuta wa chembe yake una sukari ndefu iitwayo betaglukani, na chembe walaji, wale askari wa mwili wanaomeza vijidudu, wanaitambua kama alama ya kuvu. Wanadhani adui amefika, wanaamka. "Basi tuwape kila siku." Hapana. Jeshi likipigiwa king'ora kila siku linazoea, kuna siku adui atafika kweli nao wamelala. Tunatoa kwa wiki kadhaa, tunapumzisha.

Mwenyekiti akauliza kwa nini tusiweke antibiotiki tu, kama kwa kuku. Nikamweleza Norwei. Mwaka 1987 wafugaji wa samoni walitumia karibu tani 50 za antibiotiki. Wakatengeneza chanjo, wakaboresha ufugaji, na leo hawafikishi hata tani 1, ingawa wanavuna samoni zaidi ya tani milioni 1 kwa mwaka. "Sisi tutachanja mwatiko?" Tukacheka. Sisi tuanze na gunia kavu.

Saa tisa alasiri

Maabara, Malindi. Damu imeshaganda kwenye barafu, naizungusha kwenye mashine, na juu inabaki seramu ya rangi ya majani makavu. Safi, haina tui. Nilimkumbuka babu.

Kipimo cha leo ni lisozimu, kimeng'enya kinachopasua kuta za bakteria. Alexander Fleming aliitangaza mwaka 1922, miaka sita kabla ya penisilini, na aliipata kwenye kamasi. Sayansi nyingine huanza puani. Unachanganya seramu na maji meupe yenye bakteria wakavu, unasoma weupe baada ya nusu dakika, unasoma tena dakika nne na nusu. Kadiri maji yanavyong'aa, ndivyo lisozimu ilivyo kali.

Kundi la tatu, dakika ya tatu, stima ikapotea.

Nilikaa gizani na kipima muda mkononi kikiendelea kuhesabu. Stima ilirudi baada ya dakika arobaini, nikarudia kundi lile lote. Seramu ilitosha, kwa tone.

Saa moja na nusu usiku

Namba ziko kwenye kompyuta. Ndoo ya kijani inaonekana kupasua bakteria upesi kuliko nyingine, na bahasha iko kwenye droo, umbali wa mkono. Sijaifungua. Hapa mbili kwa kila rangi si kitu, na kesho kuna safu ya babu. Nimeosha mirija, nimejaza spiriti, nimeagiza barafu.

Saa tatu usiku

Simu. Babu.

"Mjukuu wangu, hawa wa upande wangu wanapiga maji tena."

"Wavumilie, babu. Mpaka asubuhi tu."

"Sijawapa kitu."

"Ahsante, babu."

Kimya kidogo, nasikia upepo wa mikoko.

"Na wewe, umekula?"

Sijala.