Kumbukumbu ya bustani: likorisi zimechanua bila majani

Mradi wangu wa kustawisha likorisi (Lycoris squamigera) kando ya ukuta wa nyumba, hapa Ohio, Marekani, umefikia hatua niliyoingojea tangu machipuko. Agosti hii, baada ya mvua nzito kukatiza ukavu wa Julai, vikonyo vimechomoza kwenye udongo uliokuwa mtupu kabisa, na kwa siku chache tu vimefikia urefu wa nusu mita hivi, bila jani hata moja. Kileleni pana shada la maua ya waridi yenye umbo la tarumbeta na harufu tamu. Ukiinama karibu, utaona kwamba ncha za petali zimeingiwa na zambarau hafifu, kana kwamba zimechovywa katika wino uliozimuliwa.

Mpita njia hudhani yameota usiku mmoja, ilhali gharama yake ililipwa zamani. Majani, membamba na marefu kama mikanda, hutoka mapema katika machipuko, huweka akiba ya chakula ndani ya tunguu, kisha hugeuka manjano na kufa kiangazi kinapoanza. Hapo ndipo bustani huchukiza macho, na wapo walionishauri niyafyeke ili pawe nadhifu. Nilikataa, kwa sababu jani linalokatwa likiwa bado bichi ni ua linalopunguzwa Agosti.

Tabia hii si ngeni kwetu Waafrika. Amaryllis belladonna, jamaa yake mwenye asili ya Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini, huchanua vivyo hivyo kiangazi cha huko kinapoelekea ukingoni, na hushamiri zaidi baada ya moto kupita nyikani. Afrika Mashariki nako, Scadoxus multiflorus hutoa shada lake jekundu la maua, la duara kama mpira, mvua zinapoanza, mara nyingi kabla ya majani kukunjuka. Ningependa kuwa nayo yote mawili, lakini baridi ya Ohio ingeyaua nje. Likorisi, yenye asili ya Asia ya Mashariki, huistahimili. Isitoshe, matunguu yake yana sumu iitwayo likorini, hivyo kulungu, ambao humaliza karibu kila kitu mtaani kwetu, hawaigusi.

Kwa kuwa aina hii haitoi mbegu zinazoota, njia ya kuizidisha ni kugawa matunguu. Maua yakishanyauka nitachimbua upande mmoja tu wa kichaka, niyatenganishe nikiwa nimevaa glavu, na kuyapanda upya mara moja, katika kina cha sentimita 12 hadi 15, mahali ambapo maji hayatuami. Upande wa pili nitauacha kama ulivyo, maana likorisi iliyohamishwa huweza kususa kuchanua mwaka mzima au zaidi, nami sina subira ya kukaa Agosti nzima bila ua.